Kumsafirisha Mkadi, paka wa Mama, kutoka Kikwajuni hadi Hamburg

Daktari wa mifugo alikipitisha kile kifaa cha kusomea chipu mgongoni mwa Mkadi mara tatu, na mara zote tatu kikakaa kimya. Akakifungua tena kijitabu cha chanjo nilichomkabidhi, akakisoma, kisha akanitazama.

"Dada, huyu kachanjwa tarehe 9 Januari. Chipu aliwekewa lini?"

Nikamwambia hajawekewa bado, ndiyo kwanza nimemleta awekewe.

"Basi itabidi tuanze upya," akasema.

Hiyo ilikuwa Februari 2025, na mimi nina tiketi ya kurudi Ujerumani tarehe 12 Aprili. Hesabu zangu nilikuwa nimeshazimaliza kichwani: chanjo tayari, chipu leo, cheti wiki ya mwisho, tunaondoka. Nilitoka pale nimempakata paka wangu ndani ya kikapu, machozi yananilengalenga, nikapanda gari nikarudi nyumbani Kikwajuni bila kusema neno. Tangu hapo jamaa kadhaa wa Unguja na wa Maskati wameshaniuliza jinsi ya kusafiri na paka, na karibu wote huanza kwa kuuliza nauli. Nimeona niandike jinsi ilivyokuwa kwangu, ili mwingine asije akasimama mbele ya daktari kama nilivyosimama mimi.

Mkadi ni paka wa Mama. Alizaliwa Wete, Pemba, kwa mama mdogo, na Mama alipokwenda kwenye harusi huko alirudi naye kwa boti ndani ya pakacha, kadogo, kanalia njia nzima. Manyoya yake ni meupe yenye umanjano wa mbali, kama ua la mkadi lililokwisha kulala usiku mmoja kwenye kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia, na jina akalipata hapo. Mama alikuwa akimwachia anywe maji kwenye kopo lile lile analotilia udhu, na mtu akimkemea hujibu kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu, Mtume kasema. Mama alifariki Disemba 2024. Katika maneno machache aliyoweza kuniambia siku zile za mwisho, moja lilikuwa nisimwache Mkadi. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akikaa naye, lakini yeye alikuwa anaolewa Agosti na mchumba wake ana pumu, manyoya ya paka hayawezi kabisa. Kwa hiyo kama ni kuchukuliwa, wa kumchukua ni mimi.

Jirani yetu mmoja, mtu mzima, aliniambia kwa huruma kabisa: "Mwanangu, paka Unguja wamejaa. Nenda Forodhani usiku uone wanavyogombea vichwa vya samaki. Huyu mmoja unamlipia nauli ya ndege ya nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimbusu mkono tu, nikaingia ndani.

Sasa niseme kosa langu lilikuwa wapi. Umoja wa Ulaya umezipanga nchi kwa kufuata hali ya kichaa cha mbwa, na Tanzania haimo katika zile zilizopewa nafuu. Zanzibar tunahesabiwa humo humo. Hili liliniuma kidogo, kwa sababu Pemba watu wamefanya kazi kubwa sana ya kuchanja mbwa, kijiji kwa kijiji, na ugonjwa umerudi nyuma kweli kweli. Ila fomu ya mpakani haiulizi Pemba wala Unguja, inauliza nchi. Na paka anayetoka nchi isiyo na nafuu ana mlolongo wake, ambao ukiupindua hata hatua moja, umeanza sifuri.

Chipu inatangulia. Ni kidude kidogo mfano wa punje ya mchele, kinatiwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo, na ndani yake mna namba ya tarakimu 15. Iwe ya kiwango cha kimataifa cha ISO, la sivyo kifaa cha huko huenda kisiisome. Ikishaingia na kusomwa, ndipo achanjwe kichaa cha mbwa, siku hiyo hiyo au baadaye, lakini kabla haifai. Mimi nilikuwa nimechanja kwanza. Daktari alinieleza vizuri: namba ndiyo inayomfunga paka na karatasi zake. Paka aliyechanjwa tarehe 9 Januari hakuwa na namba, kwa hiyo kwa macho ya afisa wa kule alikuwa paka yeyote yule wa Unguja. Chanjo ilimwingia mwilini, kwenye safari haikuhesabika.

Baada ya chanjo zinahesabiwa siku 30, kisha anatolewa damu ipimwe kama kinga imejengeka. Kipimo hicho hakifanywi popote, lazima maabara iwe katika zile zilizoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na kiwango cha kinga kisipungue uniti 0.5 kwa mililita. Hapo mtu hudhani kamaliza. Bado. Tangu siku damu ilipotolewa ipite miezi mitatu kamili ndipo paka aruhusiwe kuingia. Nilipouliza miezi mitatu yote hiyo ya nini, ikiwa kinga imeshaonekana, daktari akasema kinga inayoonekana leo haimaanishi paka hakuwa ameshaambukizwa kabla. Ugonjwa huu hujificha mwilini muda mrefu, na miezi ile ni ya kuungoja ujitokeze kama umo. Nilipoelewa hivyo hasira zilinipungua. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakina dawa, kwa mnyama wala kwa mtu, na sisi wenyewe tunalijua hilo.

Jambo zuri ni kwamba miezi hiyo inahesabiwa tangu siku ya kutoa damu, siyo siku majibu yalipokuja. Na kipimo kikishapita hakirudiwi tena maisha yake yote, mradi chanjo za kurudia zisichelewe hata siku moja.

Basi tarehe 20 Februari Mkadi akawekewa chipu, ikasomwa, akachanjwa pale pale juu ya meza. Nikachukua kalenda ya ukutani ya Mama nikapiga hesabu kwa kalamu nyekundu. Damu: baada ya tarehe 22 Machi. Kuingia Ulaya: mwisho wa Juni. Mimi nirudi kazini Aprili, ruhusa yangu bila mshahara ilikuwa inaishia hapo. Kwanza nilifikiri niende zangu, kisha mtu mwingine aje naye. Lakini safari ya mwenye paka na ya paka zisipishane zaidi ya siku tano, vinginevyo anahesabiwa mnyama wa biashara na masharti yake ni mengine. Kwa hiyo ikabidi mimi mwenyewe niondoke Aprili nirudi tena Juni kumfuata, nauli mara ya pili. Hiyo ndiyo iliyokuwa gharama ya kutanguliza sindano moja mbele ya nyingine.

Damu ilitolewa tarehe 25 Machi, kumi la mwisho la Ramadhani, mji wote uko Darajani unanunua nguo za Idi. Daktari alimnyoa kidogo shingoni, mimi nimemfunga kwenye taulo kama mtoto mchanga, kichwa tu kinachungulia. Damu ikazungushwa kwenye mashine mpaka yakajitenga yale maji ya rangi ya manjano, hayo ndiyo yanayotumwa. Yakafungwa na barafu, na fomu ikaandikwa namba ya chipu. Ulizia mapema kampuni ya vifurushi inayokubali kubeba sampuli za damu ya mnyama, kwa sababu si zote zinazokubali, na mimi nililijua hilo nikiwa nimeshasimama dirishani na boksi mkononi. Nilituma kwenye maabara ya Ujerumani. Majibu yalikuja kwa barua pepe siku moja kabla sijaondoka: yamepita, tena mbali. Nikasujudu pale pale sebuleni.

Aprili nikaondoka, Mkadi akabaki na mdogo wangu. Na hapa ndipo ilipofanyika kazi ambayo mimi sistahiki sifa yake hata kidogo.

Begi la kumbebea tulilipata kwa binamu yetu aliyekuja Idi kutoka Maskati. La kijivu, laini, nyavu pande tatu na zipu. Kipimo chake ni paka aweze kusimama, kugeuka na kulala, na wakati huo huo liingie chini ya kiti cha mbele yako. Mkadi tangu utotoni akiwekwa ndani ya kitu cha kufunikwa ni anapelekwa kudungwa sindano, kwa hiyo mara ya kwanza alipoliona alipanda juu ya kabati akakaa huko mpaka Alasiri.

Mdogo wangu hakumlazimisha. Aliliweka begi sakafuni karibu na mlango wa jikoni, zipu wazi, na ndani yake akatandika kanga ya Mama ambayo haijafuliwa. Mkadi mwenyewe haendi mahali ila kwa dagaa, basi sahani ya dagaa ikawekwa nje ya begi, hatua moja mbali. Siku ya pili mdomoni mwa begi. Siku ya tatu ndani kidogo, halafu kila siku anaisogeza kwa upana wa vidole viwili. Alikuwa akinitumia video, na mimi huku Hamburg nazitazama kwenye basi nikienda kazini: kwanza kinaingia kichwa tu na miguu ya nyuma imejikaza tayari kukimbia, baadaye kiwiliwili chote, mkia nje. Kwenye wiki ya pili ikaja picha moja Mkadi kajikunja juu ya kanga, kalala fofofo ndani ya begi, saa nane mchana.

Hapo nikaingiwa na pupa. Nikamwambia mdogo wangu amfungie saa nzima, muda unakwenda. Alisita, lakini mimi ni mkubwa kwake, akafunga. Dakika ishirini Mkadi alipiga kelele na kukwaruza wavu mpaka ukucha ukatoka damu, na baada ya hapo wiki mbili nzima hakulikaribia begi. Tukarudi kwenye sahani nje ya mlango. Toka siku ile nilinyamaza, nikamwachia yeye mwenyewe apange.

Akapanga hivi: anafunga zipu wakati paka anakula, na anaifungua kabla hajamaliza, ili aone mlango unafunguka wenyewe bila ya kulia. Kisha dakika tano, kumi, nusu saa. Kisha anambeba kushuka naye ngazi na kupanda. Kisha siku moja akapanda naye daladala la 505 mpaka Uwanja wa Ndege pale Kisauni, wakakaa nje chini ya mti wakisikiliza ndege zinavyoruka, wakarudi. Alifanya hivyo mara nne. Watu kwenye daladala wakimuuliza huyo paka mgonjwa, naye anawajibu hapana, anajifunza safari.

Alimzoesha pia mkanda wa kifuani wenye kamba, na mchanga kwenye beseni, kwani Mkadi siku zote haja zake ni uani. Na alimpima uzito dukani, kwenye mzani wa sukari: kilo 4.2, na begi kilo 1.3. Ndege niliyopanga kusafiri nayo inaruhusu paka na begi lake wasizidi kilo 8 ndani ya chumba cha abiria. Akizidi hapo, au shirika likiwa halikubali wanyama kwenye viti, anakwenda sehemu ya chini, ile yenye hewa na joto la kudhibitiwa, na huko anahitaji kizimba kigumu cha plastiki kilichokazwa kwa skrubu. Na ndugu zetu wengi walioko Uingereza walijue hili mapema: huko paka haingii na ndege akiwa miguuni pako hata awe mdogo vipi, lazima afike kama mzigo.

Usilipe nauli kabla hujapata jibu la maandishi kwamba paka amekubaliwa katika ndege ile, siku ile. Kila ndege inachukua wanyama wachache tu juu. Mimi nilipiga simu nikaambiwa hakuna tabu, lakini sikuridhika, nikaandika barua pepe na kuomba wanijibu. Nikalichapisha lile jibu nakala mbili.

Kuhusu dawa za usingizi. Watu watatu tofauti, wote wananitakia mema, walinishauri nimpe Mkadi piritoni alale njia nzima, na mmoja akasema hata nusu ya panado inatosha. Nilimuuliza daktari, na uso wake ukabadilika. Panado inamuua paka, hata kidonge kimoja, ini lake haliwezi kuisaga kama letu. Na dawa ya kulevya usingizi angani humshusha mapigo na pumzi na kumfanya ashindwe kulinda joto la mwili wake, na hakuna wa kumsaidia huko juu. Mashirika mengi yakimwona paka kalevywa yanamkataa. Tafadhali, mwenye paka yeyote anayesoma hapa, aliweke moyoni hili la panado hata kama hana safari.

Nilirudi Unguja katikati ya Juni. Cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya kinajazwa na kugongwa muhuri na daktari wa serikali, kwa Kiingereza na kwa lugha ya nchi unayoingilia, na kinatumika siku kumi tu mpaka kufika mpakani. Ukikiwahi sana kinakufia mkononi. Safari yetu ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 3 Julai, nikakichukua tarehe 30 Juni. Jioni ile tukakaa barazani, mdogo wangu na mimi. Yeye ameshika kijitabu, mimi nimeshika cheti, anasoma namba ya chipu kwa sauti, tatu tatu, na mimi ninafuata kwa kidole. Kwenye fungu la nne yeye akasema "sita," kwangu pameandikwa sifuri. Tukarudia. Sifuri. Tarakimu moja katika 15, mkono wa mtu umeteleza tu, lakini kwa karatasi ile Mkadi angefika Ujerumani akiwa paka mwingine. Asubuhi yake nikawa wa kwanza mlangoni, wakaniandikia upya bila maneno. Tukasoma tena pale pale, mbele ya karani, namba zote, na tarehe zote, na jina langu.

Usiku wa safari alikula dagaa wachache Magharibi, basi. Tumbo la paka angani ni bora likiwa tupu. Chini ya kanga ya Mama tulitandika pampasi ya mtoto, na mbili za akiba kwenye mkoba wangu. Mdogo wangu alitusindikiza mpaka mwisho wanapoachiwa wasindikizaji, akaliinamia begi, akasoma Ayatul Kursiyyu, akapuliza.

Kaunta wakatafuta jina la Mkadi kwenye kompyuta wasilione. Yule kijana alisema hakuna paka aliyeandikishwa na hawezi kumpokea. Nikampa barua pepe yangu iliyochapishwa. Akaisoma, akaenda nayo ndani, nikabaki nimesimama na mistari ya watu nyuma yangu, ninahesabu pumzi. Baada ya robo saa akarudi, akampima, kilo 5.6 pamoja na pampasi, akanipa kadi ya kupandia.

Jambo ambalo nililiogopa kuliko yote lilikuwa ukaguzi. Begi lazima lipite mashineni likiwa tupu, na paka unambeba mikononi, katika ukumbi mkubwa wenye milango inayofunguka na watu wanaoburuta masanduku. Paka akiponyoka pale sijui kama ungempata tena. Nikamwambia askari, "Kaka, samahani, naomba kama kuna chumba cha kufunga mlango." Akamwita mwenziwe, mwanamke, akanipeleka kwenye chumba kidogo, akaufunga mlango na kuegemea.

Nilikuwa nimeizungusha ile kamba mara mbili kwenye kifundo cha mkono. Nikafungua zipu. Mkadi hakutoka, nikamchomoa polepole pamoja na kanga, na alipoiona taa akajikandamiza kifuani kwangu, kucha zote zimepita kwenye buibui mpaka ngozini. Moyo wake ulikuwa unapiga kama unataka kutoka. Yule dada akapitisha kifaa chake juu yangu, akaunyanyua upindo wa kanga akaukagua, kisha akauliza jina lake.

"Mkadi," nikasema.

Akanyamaza kidogo. "Bibi yangu alikuwa akifunga vikuba vya mkadi kila Alhamisi," akasema, na akasubiri, hakuniharakisha, mpaka Mkadi mwenyewe alipoanza kulegeza kucha moja moja. Begi likarudi, nikaliweka mbele yake zipu wazi. Akaingia peke yake, kichwa kwanza, akajizungusha akalala. Wakati ule nilimfikiria mdogo wangu na vidole vyake viwili.

Ndani ya ndege niliomba kiti cha dirishani, nisikae safu ya mwanzo kwani hakuna kiti cha mbele cha kuliweka begi chini yake. Tulipopaa alilia mara tatu. Nikatia kidole kwenye wavu, akakinusa, akanyamaza. Mpaka Istanbul hakusema tena. Pale tulikaguliwa upya, nikaomba chumba tena nikapewa, na kwenye choo cha walemavu, mlango umefungwa, nikabadilisha pampasi ambayo haikuwa na hata tone.

Frankfurt hupiti njia ya kijani na paka kutoka kwetu, hata kama huna kingine cha kutangaza. Unakwenda njia nyekundu ya forodha na kumtaja mwenyewe. Afisa alichukua cheti, majibu ya maabara, kijitabu, akavipanga mezani. Akatoa kifaa cha kusomea, akakipitisha juu ya wavu wa begi.

Kikalia papo hapo.

Akaanza kulinganisha namba, na mimi nazisoma naye moyoni, maana nilikuwa nimeshazihifadhi kama sura. Akatazama tarehe ya chipu, ya chanjo, ya damu, akahesabu miezi kwa ncha ya kalamu. Hazikupita dakika kumi. Akagonga muhuri, akaliinamia begi akamwambia Mkadi karibu, kwa Kijerumani.

Nikampigia mdogo wangu. Hakuuliza tumefika salama wala tumepita vipi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kakojoa?" Nikamwambia bado. Akasema nisihofu, akifika mahali pake atakojoa. Kwenye treni ya kwenda Hamburg paka aliye ndani ya begi halipiwi, nikamweka mapajani, na mzee mmoja aliyekaa mbele yetu alikuwa akimtazama na kutabasamu mpaka aliposhuka Hannover.

Nyumbani nililiweka begi sakafuni, karibu na mlango wa jikoni, nikafungua zipu nikaondoka. Beseni la mchanga upande huu, maji upande ule, dagaa wawili nilioficha kwenye sanduku juu ya sahani, hatua moja mbali. Nikaswali Isha. Nilipotoa salamu nikasikia mchanga unafukuliwa, kwa muda mrefu, na baada yake ulimi kwenye maji. Kisha akarudi ndani ya begi, akalala juu ya kanga ya Mama. Chanjo yake iliyofuata ilitakiwa iwe kabla ya tarehe 20 Februari 2026, nikaiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya huku, na begi bado liko pale pale karibu na jiko, zipu wazi.